Herufi A Imefutika

Kibodi yangu imepoteza A.
Inaandika bado, ila uso wa kitufe umelika,
kimebaki cheusi kinang'aa kama buni iliyokaangwa.
Miaka sita ya maombi ya kazi, mikataba ya vyumba,
ratiba za mazishi, kadi za michango,
kila neno letu likitafuta A ya kutulia.
Q na X ziko vilevile zilivyotoka dukani,
wageni wasiotumwa hata maji.

Stesheneri iko nyuma ya stendi ya Moshi,
ubavuni mwa fundi saa.
Monita yenye mstari wa kijani pembeni,
printa inayokohoa kabla ya kutema,
na skana ya mkopo wa kikoba, ambayo mwezi huu
bado ninailipa.

Mama Ndeshifose alishuka kutoka Uru siku ya Jumanne.
Akakaa. Akasema: Andika.
Shemeji yake, Aligawesa, amehamisha mpaka wa kihamba.
Masale aliyopanda baba mkwe ameyang'oa usiku,
ameyapanda upya hatua nne ndani,
na migomba kumi na mmoja imeamkia upande wa pili.

"Wewe una mashine ya kutunza," akaniambia.
"Sisi tulitunza kwa masale.
Ukitaka kujua cha mtu kinaishia wapi, unayasoma.
Sasa mtu kafuta, kaandika yake."

Umeme ukakatika nikiwa kwenye neno *usiku*.
Hakusita. Robo saa nzima
aliishtakia skrini iliyozima,
na vidole vyangu juu ya vitufe
vikasikiliza tu.

Ulipowaka tukamaliza: kurasa tatu,
kwa baraza la ardhi la kata.
"Usichape kwanza. Nakusanya mashahidi."
Nikaihifadhi kwenye flashi yake nyekundu,
akaitia kwenye kipochi cha rozari
na kufunga zipu.

Wiki mbili.
Akarudi na jani la isale, limepigwa fundo.
"Kalileta jana. Kasimama mlangoni, hakusema kitu."
Mimi ni Mpare wa Usangi,
lakini Moshi imenifundisha hilo:
isale likiletwa, halirudishwi.

"Futa," akasema.

Nikafuta.
Kisha, kwa kuwa sikutaka kumla hela yake kwa uongo,
nikamwambia: Mama, flashi haifuti.
Inasahau tu njia ya kufika pale.
Maneno yamelala humohumo
mpaka kitu kingine kije kulala juu yake.

Aliitazama ile flashi muda mrefu,
imechomekwa, kitaa chake kinapepesa.
"Hata mimi," akasema.
"Hata mimi ndivyo nilivyofuta."

Akalitoa jani mikononi, akalilaza mwenyewe
juu ya kioo cha skana,
akalinyoosha kama anayemlaza mtoto mwenye homa.
Nikashusha kifuniko; kwa ajili ya fundo hakikufunga vizuri.
Mwanga ukatambaa chini yake,
ukavuja pembeni, ukamgusa kidevu.
Likatokea kwenye skrini: mishipa yote,
kovu la mdudu, fundo jeusi katikati.

"Liweke humo. Juu ya yale."

Nikaliweka.
Sikuwa na moyo wa kumwambia
kwamba mashine huchagua yenyewe pa kuandika,
kwamba huenda jani limelala kando,
na kurasa tatu ziko macho.

Alilipa mia tano. Akadai risiti.

Utomvu ulibaki kwenye kioo.
Nimesugua kwa spiriti, kwa dawa ya meno,
kwa kanzu kuukuu ya baba.
Vyeti vya watoto wa Pasua vinatoka
na mstari wa kijivu, mwembamba, karibu na jina.
Wakiniuliza nasema kioo kimezeeka.